Pigo maalumu lina kwao

Elena wa Street Fighter hupigana kwa miguu iliyobeba mdundo wa Waafrika waliovushwa bahari. Mwambao wa Kilwa na Lindi umo ndani ya historia hiyo, na una mapigo yake ambayo bado yanasubiri mchoraji.

Mbele, chini, chini-mbele, kisha kitufe cha teke. Mchezaji aliyezoea humaliza mpangilio huo kwa kidole gumba kabla mpinzani aliyeruka hajatua. Kwenye skrini, binti mrefu mwenye nywele nyeupe na miguu mitupu anajibinua hewani, miguu yake inachora gurudumu juu ya kichwa, na aliyekuwa akimrukia anaangushwa chali. Pigo hilo linaitwa Scratch Wheel. Mwenye nalo ni Elena, mpiganaji kutoka Kenya katika gemu za Street Fighter zinazotengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani.

Elena alizaliwa kwenye skrini mwaka 1997, katika Street Fighter III. Akarudi mwaka 2014 katika Ultra Street Fighter IV, na Juni 2025 akaongezwa katika Street Fighter 6. Kwa karibu miaka 30 amekuwa sura ya Afrika Mashariki mbele ya wachezaji wa Tokyo, Paris na Los Angeles ambao huenda hawajawahi kukutana na mtu wa kwetu ana kwa ana. Wanachokijua kuhusu sisi, kwa sehemu fulani, wamekijua kupitia namna anavyorusha teke.

Ndiyo sababu pigo maalumu la mhusika wa gemu ni jambo la kuandikiwa makala. Kwenye vibanda vya gemu vya miji yetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Lindi, mpira ndio unaotawala, lakini gemu za mapigano hazijawahi kukosa wapenzi. Kijana anayeshika pedi anajifunza mambo mengi kwa vidole: nani ana nguvu, nguvu hiyo imetoka wapi, na watu wa nchi gani hupigana vipi. Swali langu kwa wasomaji wa mwambao huu ni moja: mapigo hayo yametoka kwa nani, na yetu yako wapi?

Sekunde moja, fremu 60

Tuanze na ufundi wenyewe, kwa kuwa ndimo maana ilimofichwa. Katika gemu ya mapigano, ngumi au teke la kawaida hutoka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Pigo maalumu hudai zaidi: mchezaji apitishe mwelekeo kwa mpangilio fulani, kisha abonyeze kitufe kwa wakati wake. Utaratibu huo ulikuwapo tangu Street Fighter ya kwanza ya mwaka 1987, na Street Fighter II ya mwaka 1991 ndiyo iliyoueneza duniani kote. Tangu hapo mpiganaji hutambulika kwa pigo lake. Ryu ana mpira wa nguvu unaotoka viganjani, Chun-Li ana mateke yanayofuatana kwa kasi, Zangief ana mwereka wa kumzungusha mtu hewani. Ukiondoa pigo hilo, mhusika anabaki mwili usio na jina.

Picha za gemu hizi hubadilika mara 60 kwa sekunde, na kila picha moja huitwa fremu. Wachezaji wa mashindano hulichambua kila pigo katika sehemu tatu: fremu za kuanza, pale mwili unapojiandaa, fremu za kupiga, pale mguu au mkono una makali, na fremu za kurudi, pale mpigaji yuko wazi na hawezi kujikinga. Pigo kubwa likikosa shabaha, mpigaji hulipa gharama yake katika hizo fremu za kurudi. Kwa hiyo hakuna pigo lisilo na hatari. Kila mpiganaji anaporusha lake, anaweka maisha yake rehani kwa muda mfupi.

Elena ana mambo mawili yanayomtenga na wenzake. La kwanza ni miguu. Mchezaji hata akibonyeza kitufe cha ngumi, aghalabu Elena hujibu kwa mguu. Katika pigo liitwalo Spin Scythe anazunguka kwa miguu yake mirefu, na mchezaji akirudia mpangilio ule ule, mzunguko mwingine unafuata. Hata pale ambapo hakuna aliyegusa pedi, Elena hatulii: anayumba, anabadilisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, mabega yanafuata. Wachoraji wa Street Fighter III walimpa fremu nyingi na laini kiasi kwamba mpaka leo mwendo wake hutajwa miongoni mwa uchoraji bora wa gemu za picha za mkono.

La pili ni uponyaji. Katika Street Fighter III, kabla ya pambano kuanza, mchezaji huchagua moja kati ya mbinu kuu tatu za mhusika wake. Mbinu mbili za Elena ni za kushambulia. Ya tatu inaitwa Healing, na kazi yake ni kumrudishia uhai. Mchezaji akiichagua, ameziacha zile mbili za kushambulia. Pambano linapokuwa gumu na kipimo cha nguvu kimejaa, Elena husimama na mstari wa uhai wake huanza kupanda. Mpinzani akimfikia kabla hajamaliza, uponyaji unakatika. Wapiganaji wengi wa gemu hizi huhifadhi nguvu yao kubwa kwa ajili ya kumaliza mtu. Elena alipewa nafasi ya kuitumia nguvu hiyo kupona na kuendelea kusimama.

Mkenya anayecheza capoeira

Mtindo wa mapigano wa Elena ni capoeira, nao ni sanaa ya Brazil. Mwaka ule ule wa 1997, kampuni ya Namco ilitoa Tekken 3 ikiwa na Eddy Gordo, Mbrazil anayecheza capoeira vilevile. Mienendo ya Eddy ilichukuliwa kutoka mwilini mwa mwalimu halisi wa sanaa hiyo, Mestre Marcelo Pereira, aliyecheza huku vifaa vikirekodi kila kiungo chake. Vijana wengi wa kizazi changu walimjua Eddy kabla hawajalisikia neno capoeira. Walichokiona ni mtu anayepigana kama anayecheza ngoma, na mpinzani asiyejua teke litatokea upande gani.

Capoeira ilikuzwa Brazil na Waafrika waliotumikishwa na watoto wao. Wengi wao walitoka Angola na Kongo, na watafiti kama T. J. Desch-Obi wameihusisha na engolo, mchezo wa mateke wa kusini mwa Angola ambamo mchezaji huweka mikono chini na kurusha miguu juu. Wapo wanahistoria wanaosisitiza zaidi yale yaliyobuniwa Brazil kwenyewe, katika bandari na mitaa ya Salvador na Rio de Janeiro. Pande zote zinakubaliana kwamba watu walionyang'anywa kila kitu walibaki na miili yao, na ndani ya miili hiyo walihifadhi maarifa.

Dola ya Brazil iliogopa maarifa hayo. Utumwa ulifutwa mwaka 1888, na miaka miwili baadaye sheria ya adhabu ya mwaka 1890 ikaifanya capoeira kuwa kosa la jinai. Ilichezwa kwa kujificha hadi miaka ya 1930. Mwaka 1932 Mestre Bimba alifungua shule yake Salvador, na taratibu mchezo ukatoka gizani. Mwaka 2014 UNESCO iliuandikisha mduara wa capoeira katika urithi wa utamaduni wa binadamu.

Capcom walipomvika binti wa Kenya mtindo huu, walivuka bara zima na bahari nzima kwa mara moja. Kenya si nyumbani kwa capoeira, wala si nyumbani kwa engolo. Mtu anaweza kusema hapo pana kosa la ramani, naye atakuwa na haki. Lakini ukweli mwingine uko karibu zaidi na sisi, na unapatikana kwa kuangalia mashariki, kwenye Bahari ya Hindi. Hapo ndipo Kilwa inapoingia.

Watu 1,000 kila mwaka

Kilwa Kisiwani inajulikana kwa utukufu wake. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji. Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, na dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Hayo tunafundishwa shuleni, na ni vizuri.

Kuna tarehe nyingine inayostahili kukumbukwa kwa uzito ule ule: Septemba 14, 1776. Siku hiyo Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa aliweka mkataba na Mfaransa Jean-Vincent Morice, nahodha na mfanyabiashara. Sultani aliahidi kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kwa mtu mmoja, na yeye mwenyewe apate piasta mbili kwa kila kichwa. Mkataba uliandikwa kuwa wa miaka 100. Safari ya watu hao ilielekea visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, Île de France na Bourbon, ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion. Huko mashamba ya kahawa, na baadaye ya miwa, yalihitaji mikono.

Biashara hiyo haikuishia kwa Morice. Karne ya 19 kitovu kilihamia bara, Kilwa Kivinje, ambako misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia. Wayao, Wangindo, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi waliona bahari kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungwa. Wengine walipelekwa Unguja, wengine Komoro na Madagaska, wengine kwenye mashamba ya Wafaransa. Mkataba wa mwaka 1873 kati ya Sultani Barghash na Waingereza ulipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, lakini kwa vizazi kadhaa kabla ya hapo mwambao huu ulikuwa umeshapoteza watu kwa maelfu.

Réunion, kwenye uwanda wa mchanga na kwenye viunga vya mashamba ya miwa, watumwa na vizazi vyao walicheza mchezo unaoitwa moring. Ngoma inapigwa, watu wanafanya duara, wawili wanaingia katikati. Wanazungukana, wanapimana, kisha mateke yanaanza: mateke ya kuruka, mateke ya kujigeuza, mateke yanayotoka mikono ikiwa imegusa ardhi. Ukikaa mbele ya picha zake bila kuambiwa ni wapi, unaweza kudhani unaiona capoeira. Madagaska kuna morengy, mapigano ya pwani ya magharibi yenye mizizi katika himaya ya Wasakalava. Mayotte kuna mrenge, unaochezwa mitaani jioni za Ramadhani vijana wakihamasishwa na ngoma. Ni ukoo mmoja uliosambaa visiwani.

Moring ilififia katikati ya karne ya 20, wazee wakaondoka na wachache tu wakabaki wanaojua. Aliyeifufua ni Jean-René Dreinaza, bingwa wa ndondi ya Kifaransa mwenye asili ya Réunion, ambaye aliwatafuta waliokumbuka, akakusanya mapigo na kuanza kuwafundisha vijana. Leo moring huonyeshwa kwa fahari Desemba 20, siku ambayo Réunion huadhimisha kufutwa kwa utumwa mwaka 1848.

Madaftari ya wafanyabiashara kama Morice yaliandika idadi ya watu na bei. Ustadi wa mwili hawakuuandika, kwa kuwa hawakuuthamini. Lakini waliopakiwa Kilwa walishuka kwenye mashamba yale yale ambamo moring ilikua, wakakaa na Wamalagasi na watu wa Msumbiji, wakacheza kwenye duara moja. Kama Capcom wangetaka teke la kupinduka lenye uhusiano wa moja kwa moja na Afrika Mashariki, wangelipata hapa, kwenye njia ya meli kutoka Kilwa hadi Bourbon. Elena wa capoeira ana ndugu wa karibu zaidi ambaye hajachorwa: mpiganaji wa moring ambaye bibi yake aliondokea ufuo wetu.

Na huku tulikobaki hatukukosa michezo yetu ya makali. Unguja, Pemba na Lamu wanacheza kirumbizi, wanaume wawili wakipambana kwa fimbo huku zumari na ngoma vikiwaongoza. Makunduchi, kila Julai katika Mwaka Kogwa, wanaume huchapana kwa mapande ya mgomba ili wamalize kinyongo cha mwaka unaokwisha, kisha wanashikana mikono. Kote huko pigano lina mdundo, lina duara na lina adabu yake. Hilo ndilo jambo ambalo mchoraji wa Elena aliligusa vizuri alipokataa kumsimamisha kama sanamu.

Mkia wa Tendaguru

Mapigo mengi ya Elena yamepewa majina ya wanyama na zana: pembe ya kifaru, mkia wa linksi, fyekeo linalozunguka. Linksi haishi Kenya wala popote kusini mwa Sahara; mnyama wetu wa jamii ya karibu ni simbamangu. Afrika ya kwenye gemu za wageni mara nyingi hujengwa hivi, kwa wanyama waliookotwa kutoka kwenye vitabu vya picha. Hata hivyo mnyama si wazo baya la pigo maalumu. Linachohitaji ni mnyama anayejulikana na watu wa mahali, mwenye habari za kweli.

Lindi inaye. Kaskazini magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wanasayansi wa makumbusho ya Berlin, wakiwemo Werner Janensch na Edwin Hennig, waliongoza uchimbaji wa mifupa ya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mamia ya wenyeji ndio waliochimba, na Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi wao aliyeijua kazi ya kuitoa mifupa kwenye udongo bila kuivunja. Wapagazi waliibeba mifupa hiyo vichwani na mabegani, mwendo wa siku nne kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Dinosaria mkubwa aliyetoka huko, Giraffatitan, amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya meta 13, na ni miongoni mwa mifupa mirefu zaidi iliyosimamishwa katika makumbusho yoyote.

Kwa mtengenezaji wa gemu ya mapigano, hazina iko kwa mwenzake mdogo, Kentrosaurus, ambaye Hennig alimpa jina rasmi mwaka 1915. Alikuwa na urefu wa takriban meta nne na nusu. Shingoni na mgongoni alikuwa na vibao vya mifupa, na kuanzia kiunoni hadi ncha ya mkia alikuwa na miiba mirefu. Mwaka 2011 mtafiti Heinrich Mallison alichapisha uchunguzi wake wa kompyuta kuhusu namna mkia huo ulivyofanya kazi. Alionyesha kwamba mnyama huyu aliweza kuuzungusha mkia wake katika nusu duara pana na kumjeruhi vibaya adui aliyemkaribia.

Hebu tulifikirie hilo kwa lugha ya fremu. Mpiganaji mwenye pigo la Kentrosaurus ana makali nyuma. Ili alitumie pigo lake kubwa, lazima amgeuzie mpinzani mgongo. Mchezaji aliyezoea gemu nyingine ataona mgongo na kudhani ni nafasi ya kushambulia, kumbe ndiyo hatari yenyewe. Fremu za kuanza zitakuwa nyingi, kwa kuwa kiuno lazima kijikaze kwanza. Eneo la pigo litakuwa pana kuliko la mtu mwingine yeyote kwenye gemu. Fremu za kurudi zitakuwa ndefu, kwa kuwa mkia mzito haurudi upesi. Hapo pana pigo lenye akili yake, lililochimbwa katika ardhi ya Mkoa wa Lindi na kubebwa na mababu wa watu wanaoishi huko hadi leo.

Maji

Pigo la tatu ninaloliwazia ni zito zaidi, na sitaki liguswe bila heshima. Mwaka 1904 huko Ngarambe, Kinjekitile Ngwale alianza kuwagawia watu maji yaliyochanganywa na nafaka na mafuta, akiahidi kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Habari zilisambaa kwa njwiywila, mnong'ono wa siri uliopita kutoka mdomo hadi sikio katika vilima vya Wamatumbi na kwingineko. Watu walifanya likinda, mazoezi ya kivita ya kujipanga na kusonga pamoja. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Majimaji vikaanza. Kinjekitile alinyongwa Mohoro mnamo Agosti 4, 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Vilienea kusini yote, vikaunganisha makabila zaidi ya 20, na vilipokwisha mwaka 1907 mapigano na njaa vilikuwa vimeua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Mengi ya haya tunayajua kwa sababu mwanahistoria Gilbert Gwassa alikwenda kuwasikiliza wazee wa sehemu hizo katika miaka ya 1960, walipokuwa bado hai. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani hii ya kusini, aliigeuza historia hiyo hiyo kuwa tamthilia, *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969, nayo imesomwa shuleni kwa miaka mingi.

Mtengenezaji wa gemu mwenye haraka angelichukua jambo hili na kumpa Kinjekitile ngao inayozuia risasi. Angekuwa ameisaliti historia, kwa kuwa maji hayakuzuia risasi. Yalifanya jambo kubwa kuliko hilo: yaliwakusanya watu waliokuwa wametengana, yakawapa kiapo kimoja na ujasiri wa kusimama mbele ya bunduki za rashasha. Pigo maalumu la Majimaji, kama litachorwa kwa ukweli, litakuwa pigo la kuunganisha. Kipimo chake kitajaa kwa kupeleka ujumbe kutoka kwa mtu hadi mtu, kama njwiywila ilivyopita. Likitumika, halitamfanya mpiganaji asidhurike. Litawaita wenzake wasimame kando yake, na mchezaji atajua kwa vidole vyake mwenyewe kwamba nguvu hiyo ina gharama.

Hapa ndipo uponyaji wa Elena unaponigusa. Wajapani waliomtengeneza waliamua kwamba mbinu moja kuu ya mpiganaji huyu wa Afrika Mashariki iwe kupona. Sina hakika waliwaza nini, lakini uamuzi huo unakaa vizuri kando ya historia yetu. Kinjekitile alifuatwa kwanza kama mganga. Watu walimwendea na maradhi, na wasiwasi wa mazao, na hofu zao, na ndani ya uponyaji huo wakapata sababu ya kupigana. Kwenye mwambao huu mganga na mpiganaji hawakuwahi kuwa mbali sana.

Nani atayachora

Mfano uko tayari. Mwaka 2024 Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, alitoa gemu ya *Tales of Kenzera: ZAU* kupitia studio yake. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na baba, na anapigana kwa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, kila kimoja kikiwa na mapigo yake. Salim aliitengeneza akimwomboleza baba yake mwenyewe, na akahakikisha kwamba gemu inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Kabla yake, mwaka 2016, vijana wa Kiro'o Games huko Yaoundé walitoa *Aurion*, gemu ya mapigano na safari iliyojengwa juu ya fikra za Kiafrika, wakifanya kazi katika mji ambao umeme wake ulikatika mara kwa mara. Hawakusubiri mtu wa nje awaruhusu.

Kwetu zana zipo. Godot, programu ya kutengeneza gemu, ni bure. Blender, ya kuchora maumbo na mwendo, ni bure vilevile. Simu yenye kamera nzuri inatosha kurekodi mwendo wa mtu na kuuchora fremu kwa fremu. Kinachokosekana ni daraja kati ya kijana anayejua kompyuta na mzee anayejua mwendo. Bingwa wa kirumbizi hajawahi kuombwa na mtu asimame mbele ya kamera ili mkono wake uchorwe. Wacheza ngoma za Wamakonde na Wamwera wanarekodiwa kwenye sherehe, kisha video zinaishia kwenye simu za wageni. Kumbukumbu za Nandete zimo vitabuni, kwenye maktaba za vyuo, mbali na vibanda vya gemu.

Halmashauri, vyuo na vituo vya utamaduni vya Kilwa na Lindi vinaweza kuanza na jambo dogo lenye maana kubwa: kuwakalisha vijana wachoraji na wazee wachezaji katika ukumbi mmoja, kurekodi mapigo na miondoko, na kuiweka hazina hiyo mahali ambapo Mtanzania yeyote anayetaka kutengeneza gemu anaweza kuitumia, kwa sharti kwamba jina la mwenye maarifa liandikwe mwishoni mwa kazi. Mestre Marcelo Pereira anajulikana leo kwa sababu Eddy Gordo anatembea kwa mwili wake. Boheti bin Amrani aliachwa kivulini kwa muda mrefu huku Giraffatitan akijulikana dunia nzima. Tofauti hiyo imetokana na nani alitajwa na nani hakutajwa.

Mwalimu anayefundisha historia ya Kilwa kidato cha pili ana nafasi yake pia. Anaweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba mkataba wa mwaka 1776 una uhusiano na teke wanalolipiga kwenye simu zao, kisha awape kazi ya kubuni mpiganaji wa Kivinje: aelezwe ametoka wapi, pigo lake ni lipi, linaanzaje, linapiga wapi, na linamgharimu nini. Mwanafunzi atakayejibu maswali hayo matano atakuwa amesoma historia kwa kina kuliko aliyekariri tarehe.

Elena amefika mbali kwa teke alilopewa na watu wa nchi nyingine, na namtakia afike mbali zaidi. Lakini kijana wa Lindi, Nandete au Kivinje ana haki ya kuingia kwenye uwanja huo huo kwa pigo alilolichota kwao, akalipa jina kwa lugha yake. Kazi ya kwanza haidai gemu nzima wala mamilioni ya shilingi. Inadai mpiganaji mmoja, pigo moja lenye fremu 60 zilizochorwa kwa uangalifu, na mzee mmoja aliyekubali kufundisha. Aanze na hilo, mwaka huu.